Mashine Haikumtambua

Walikutana kwenye foleni ya kulipia umeme, saa saba mchana, kifungo cha shati la karani kilipodondoka na kubiringika hadi kwenye viatu vya fundi cherehani. Fundi alivaa gauni la manjano alilolishona mwenyewe, na ukosini alikuwa amechomeka sindano yenye uzi. Alikishona kifungo papo hapo, shati likiwa mwilini.

"Usipumue," alimwambia, "nitakuchoma."

"Umeshanichoma," karani alijibu, na foleni nzima ikacheka.

Ikapita miezi mitano ya simu za kila jioni.

Karani alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayotoa ruzuku ya kipato kwa wakulima wenye hali duni. Mama yake fundi alikuwa mmoja wao. Ruzuku hiyo ndiyo iliyomnunulia mbegu. Mwaka huo ilitoka amri kwamba kila mkulima ahakikiwe kwa alama za vidole, na asiyetambuliwa afutwe. Mama alifika ofisini kwa karani amevaa nguo yake njema, akabonyeza kidole gumba mara sita. Miaka arobaini ya kushika jembe ilikuwa imeisawazisha mistari yote ya vidole vyake. Mashine ikaandika kwamba hatambuliki. Alifutwa kwa sababu ya kazi ile ile ambayo ruzuku iliwekwa kwa ajili yake.

Ilikuwapo fomu ya pili. Ofisa angeweza kuandika "namfahamu", akasaini na kubeba lawama. Karani, aliyekwisha kula mara nyingi mezani pa mama huyo, aliinamisha macho akasema utaratibu ni utaratibu.

Jioni fundi alimpigia simu. "Hivi serikali inamtafuta mkulima mwenye mikono laini kama yako?"

"Mpenzi, nikimsainia mama mkwe, watasema ni upendeleo."

"Hajawa mkwe wako. Wala hatakuwa." Akakata simu.

Karani alichukua likizo ya wiki mbili, akaenda kwa mama kuomba radhi. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akampa jembe. Mbegu zilitosha nusu ya shamba tu, akamwonyesha aanzie wapi.

Aliporudi kazini, viganja na vidole vyake vilikuwa vimejaa malengelenge yaliyopasuka. Mlango wa ofisi ulikuwa wa kufunguliwa kwa alama ya kidole gumba. Akabonyeza mara tatu. Ukamkataa mara tatu. Mlinzi akainuka, akamfungulia kwa ufunguo.

"Pita, bosi. Mimi si nakujua?"

Karani alisimama kizingitini, uso umemwiva kwa aibu, kisha kwa hasira. Asubuhi hiyo alisaini fomu ya mama. Wakulima wengine ishirini na watatu waliokataliwa aliwafuata mashambani mwao, mmoja mmoja, akawaona wakilima, ndipo akasaini. Mashine iliachwa pale pale mezani, na mwishoni mwa mwezi akapewa barua ya onyo.

Aliipeleka kwenye kibanda cha fundi, akaiweka juu ya cherehani.

"Kosa lako nini?" fundi aliuliza bila kumtazama.

"Wameandika kwamba nimempendelea mama mkwe wangu."

"Mkwe gani? Wewe hujaoa."

"Ndiyo maana nimekuja. Sipendi kumbukumbu za serikali ziwe na uongo."

Fundi aliisoma barua mara mbili. Akavishika viganja vyake, akavigeuza, akapitisha kidole juu ya makovu. Halafu akavuta futi iliyoning'inia shingoni, akaanza kumpima mabega.

"Usipumue," alisema.