Aliyesimama Pembeni mwa Picha

Jua lilikuwa linazama pale Somanda, mbuzi wa jirani wanarudi, Violeth akanituma.

"Bibi, nenda steshenari kamwite Flora. Mwambie aje aiangalie kompyuta, wageni wanakaribia."

Violeth ni mjukuu wangu, mwalimu. Nilikuwa nakaa kwake. Nikajifunga kitenge, nikatoka. Taratibu. Taratibu kabisa. Maana mimi ndiye nilikuwa sitaki kompyuta ile ipone.

Kioo chake kilikufa mwezi uliopita, kimemwagikiwa uji. Niliumwaga mimi. Kikombe kizima. Nikasema mkono ulitetemeka.

Sikilizeni niwaeleze.

Mume wangu Bundala, marehemu, alikuwa na wake wawili kule Mwamapalala. Mimi wa kwanza, Ng'washi wa pili. Ng'washi alikuwa anapaka samli kwenye nywele, akipita harufu inabaki. Bundala akachukua ng'ombe wangu mweupe wa maziwa, akampa yeye. Mimi shule sikwenda, lakini ugomvi wa ukoo huu wote ninao kichwani. Hakuna hata tusi moja limenidondoka.

Siku Violeth anaolewa kule Sola, miaka sita sasa, wote walienda. Mimi nilibaki na Jilala, mwanangu wa mwisho, tumbo linamkata. Jioni akafa. Wakaniuliza ilikuwaje. Nikasema nimemwona Ng'washi anatoka mlangoni kwa Jilala, saa kumi, kabeba kibuyu.

Sikumwona.

Watu wa harusini wakashangaa. "Mbona tulikuwa naye Sola?"

Nikawajibu, "Hicho kivuli chake. Mchawi anaacha kivuli kinacheza ngoma, mwenyewe anarudi kuua."

Wakaamini. Vijana wakaiwasha nyumba yake, mlango wameufunga kwa nje.

Nilisimama pale mpaka mwisho. Samli ikiungua inanuka vibaya.

Sasa mwanawe Masunga amerudi. Anataka mama yake asafishwe jina, akalazwe ubavuni kwa Bundala. Pale pale ninapotaka kulazwa mimi. Mzee Mashimba, mkubwa wa ukoo, akakata shauri.

"Kamera haishiki kivuli cha mchawi. Saa kumi ile ile tulipiga picha ya ukoo wote. Ng'washi akionekana humo, alikuwa Sola kwa mwili wake. Basi huyu mama alidanganya, na kilichompata Ng'washi kitampata yeye."

Picha ilikuwa imebaki moja tu. Ndani ya kompyuta ya Violeth, na jioni ile ndiyo walikuwa wanakuja kuiona.

Kioo kilipokufa, Violeth akaiunga kompyuta kwenye tivii ya sebuleni. Tivii ikaonyesha kila kitu kikubwa mno, pembeni pamekatika. Bwana na bibi harusi unawaona, wazee unawaona. Waliosimama mwisho hawapo. Akijaribu kuipunguza, inaganda. Nikamshukuru Mungu.

Lakini Flora akaja.

"Mwadila, bibi," akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mwanangu. Pole na kazi."

Akakaa, akashika mausi, akacheka. "Madam Violeth, hii ni rezolusheni tu. Kompyuta inatuma picha kubwa, tivii inashindwa kuimeza yote. Nitaijaribisha saizi nyingine. Ikibadilika itauliza, ibaki hivi? Halafu inahesabu kumi na tano kurudi chini. Unabonyeza hapa, inabaki. Usipojibu, inarudi ilivyokuwa."

Nikalishika hilo. Usipojibu, inarudi.

Tivii ikawa nyeusi. *Tak.*

Picha ikaja, pana. Pembeni kabisa pakatokea bega. Kitenge cha kijani.

Kitenge kile nilikijua.

"Maji!" nikapiga kelele. "Maji, nakabwa!"

Flora akaruka kwenda mtungini. Namba zikaisha. Pembeni pakakatika.

"Aa, bibi! Si ungekabwa sekunde tano mbele?"

Violeth akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu bibi kompyuta haipendi, Flora. Uji kaimwagia, leo anataka kuifia."

Nami nikacheka. Nje pikipiki zikanguruma. Wageni. Violeth akatoka kuwapokea. Flora akabonyeza tena, na simu yake ikaita papo hapo. Humu ndani mtandao unakatakata, akatoka nayo uani.

Nikabaki na tivii nyeusi.

Safari hii ilikaa nyeusi muda mrefu...

Harufu ndiyo ilitangulia. Samli. Samli inayoungua.

*Tak.*

Kumi na tano. Namba nazijua, za simu. Kumi na nne. Watu wote pichani walikuwa wanatazama mbele, kwenye kamera. Ng'washi peke yake alikuwa pembeni, kitenge cha kijani, nywele zimeungua upande mmoja mpaka fuvu linaonekana.

Ananitazama mimi.

Kumi na moja. Kumi. Nikajisemea, tulia mama, usiguse kitu. Itarudi.

"Mke mwenzangu," ikaja sauti. Haikutoka kwenye tivii. Ilitoka nyuma ya kiti changu. "Nani alikaa na Jilala?"

Sikugeuka. Nane. Saba. Nilikuwa nimeikazia macho ile pembe ya picha, na nikaona amesogea. Hatua moja. Nyingine. Akatoka kwenye picha kama mtu anavyotoka mlangoni.

Pembeni pakabaki patupu. Ukuta wa kanisa tu.

Tano.

Hayupo! Ng'washi hayupo! Mnaelewa? Picha nzima imeonekana na hayumo. Nimepona. Masunga atarudi alikotoka, Bundala ni wangu. Nne. Tatu. Nikaukamata ule mausi kwa mikono miwili, nikabonyeza pale alipoonyesha Flora.

Ibaki.

Ikabaki.

Nikawaita kwa sauti. "Ingieni! Njooni mwone, imepona!"

Wakaingia. Mashimba na fimbo yake, Masunga, Violeth, na Flora nyuma. "Mtafuteni huyo Ng'washi wenu," nikasema. "Hesabuni mmoja mmoja."

Mashimba akainama mpaka pua ikakaribia kugusa tivii. Akakaa hivyo.

"Ni kweli," akasema. "Ng'washi hayumo."

Nikapumua.

"Lakini wewe ulituambia ulibaki Mwamapalala. Siku nzima na mgonjwa. Ukamwona kwa macho yako."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa huyu ni nani?"

Pembeni kabisa, ukutani mwa kanisa, nimesimama mimi. Kitenge cha kijani. Nacheka.

Violeth akaanza kulia. "Bibi, ulimwacha baba mdogo peke yake?"

"Irudishe!" nikamwambia Flora. "Irudishe kama ilivyokuwa!"

Flora akabonyeza, akabonyeza. Mkono unamtetemeka, wa kwake kweli. "Inagoma, bibi. Umeshaikubali."

Masunga alinitazama tu, akavuta pumzi puani, mara mbili. Naye alikuwa anaisikia samli.

Mashimba amesema wanawake wa aina yangu hawakai na watu. Wamenirudisha Mwamapalala, wamenijengea kibanda pale palipokuwa na nyumba ya Ng'washi. Violeth haji. Kitenge cha kijani nimekikuta ndani ya sanduku langu, kimekunjwa. Sikukinunua. Kila nikikaa najiuliza... vumbi la Sola ninalikumbuka, lilivyokuwa jekundu mlangoni mwa kanisa siku ile. Nimelionea wapi, mimi niliyebaki nyumbani? Na kama nilikwenda, Jilala alimwita nani?

Jana Masunga amekuja na mkokoteni wa nyasi. Ameniezekea kibanda chote, hataki kusaidiwa. Nyasi kavu, nzuri, zinavunjika ukizishika. Amenisalimia kwa heshima, "Mwadila, mayu." Kabla hajaondoka amehamisha komeo la mlango.

Sasa liko nje.

Na jioni hii, tangu jua lilipozama, kuna mtu amekaa nyuma ya ukuta. Harufu ya nywele zake naipata hapa kitandani. Anahesabu taratibu, kurudi chini. Akifika moja ananyamaza, anasubiri nijibu.

Nikinyamaza, anaanza upya.