Karatasi Iliyotaka Saini ya Baba Safia

Sauti ya redio ndiyo iliyonifikia kwanza. Nilikuwa nimeingiza kichwa na mabega ndani ya tumbo la mashine ya kukoboa mpunga, giza tupu, nikikwangua pumba zilizoganda. Mashine ilikuwa imenyamaza kwa kukosa mafuta ya mazuti, kwa hiyo kila neno lilipenya mbao za duka la jirani likanipata safi.

"Communiqué. Madame Clémentine, mwalimu wa hesabu, anamtafuta kwa haraka mwanafunzi Faradji Sumaili, wa hapa Kasongo, aliyeshika nafasi ya pili katika mtihani wa kuingia chuo kikuu huko Bukavu. Dosye yake ya bourse, ufadhili wa masomo, inakosa karatasi moja tu: attestation d'indigence, yaani karatasi ya ufukara. Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana. Simu yake haipokelewi. Atakayemwona amwambie. Tunarudia."

Wakarudia. Mimi sikutoka. Nilibaki humo ndani nikisubiri watu wasahau, kana kwamba mtu husahau jina la jirani yake likisomwa redioni mara mbili.

Patron Kamaldine, mwenye mashine, akagonga bati.

"Faradji, toka humo. Kwanza, hongera. Pili, weye fukara tangu lini? Kila Ijumaa nakuona na viatu vya ncha."

"Patron, acha."

"Siachi. Viatu ni vya nani?"

Vilikuwa vya Evariste, rafiki yangu anayeendesha pikipiki. Nilipotoa kichwa, nimejaa vumbi mpaka kope, aliyesimama mlangoni hakuwa Patron. Alikuwa Safia, msichana wangu. Alikuwa amekuja mbio, mtandio umemwangukia mabegani.

"Nafasi ya pili," alisema.

Nikajipangusa vumbi machoni.

"Miye uliniambia umefeli. Uliniambia ukiniangalia usoni. Nililia siku mbili, Faradji. Mama alidhani nimefiwa."

"Safia, sikia..."

"Nimekwisha sikia. Mji mzima umesikia."

Niwaeleze kidogo. Kila Jumamosi Madame Clémentine alikuwa anatukusanya vijana wanane katika darasa tupu, watoto wa nyumba ambazo hazinunui vitabu, akitupika kwa ajili ya mtihani ule. Chuo kile huchukua wachache sana, na kila mwaka wanaopita wengi ni watoto wa mijini wenye walimu wa nyumbani. Madame alisema mwaka huu Kasongo nayo itaingia. Maswali ya miaka iliyopita yalikuwa nakala moja tu. Safia hakuwa mmoja wetu, kwao hawakosi kitu, lakini ana mwandiko mzuri. Aliniandikia maswali yote kwa mkono, daftari nne. Mapenzi yetu yalianza humo, pembeni mwa hesabu, aliponiandikia siku moja kwa kalamu nyekundu: "Swali hili ukilipata, njoo uniambie mwenyewe."

Sasa alikuwa ananiuliza yeye.

"Karatasi moja. Kwa nini hukuenda kuichukua?"

"Inasainiwa na chef wa quartier, mkuu wa mtaa."

"Ni baba yangu."

"Ndiyo."

"Kwani baba yangu anauma?"

"Nilimwambia kwamba baba yangu ana mashimo mawili ya dhahabu Salamabila."

Safia alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtu mwingine.

"Ulimwambia lini?"

"Siku ya Idi, nilipokuja kuwasalimia. Aliniuliza miye mutoto wa nani. Wazee walikuwa wamejaa sebuleni. Nilijikuta nimesema."

"Kwa hiyo uliona bora ufeli, kuliko uonekane maskini kwetu."

"Niliona bora nikupate."

"Ulikuwa umenipata. Nyumba yenu naijua tangu mwaka jana, najua na bati linalovuja ni la upande gani. Nilikupenda weye, sikupenda mashimo."

Akafunga mtandio wake, akaondoka. Baada ya saa moja ujumbe ukaingia:

"Ijumaa saa 6. Ukiiacha nafasi hiyo ipotee kwa sababu ya kuona haya, usinitaje tena kwa mutu."

Halafu mwingine:

"Na hata ukienda, sijui."

Simu ya Madame Clémentine ilipoingia tena, nikaipokea.

"Nimekupigia mara kumi na moja."

"Samahani, Madame."

"Samahani weka. Wale wanaotoa bourse walitupa nafasi moja, wanatujaribu. Usipokwenda wataandika kwamba watoto wa Kasongo hufaulu halafu hawaji. Nina wadogo saba wanaanza Jumamosi hii. Unataka nikawaambie mlango umefungwa kwa sababu kaka yao ni mwenye majivuno?"

"Hapana, Madame."

"Basi kesho asubuhi uwe kwa chef."

Alhamisi asubuhi nilikuwa wa tano kwenye foleni. Mzee Zakaria, baba yake Safia, alikuwa nyuma ya meza yake, kofia nyeupe, miwani puani. Aliponiona akasimama nusu, jinsi mtu anavyosimama kumpokea mkwe mtarajiwa.

"Aa, kijana wa Salamabila. Baba hajambo? Yale mashimo yanatoa?"

"Papa Chef, nimekuja kuchukua attestation d'indigence."

Akaketi.

"Ya nani?"

"Yangu."

"Redio nilisikia. Nilisema ni Faradji mwingine." Akavua miwani. "Na mashimo mawili?"

"Hayapo. Baba anabeba mifuko ya mchanga kwenye mashimo ya watu. Tangu Ramadhani ya mwaka juzi hatujapata habari zake."

Watu waliokuwa nyuma yangu waliacha kuzungumza.

"Nilikwisha waambia ndugu zangu," alisema polepole. "Niliwaambia anakuja mtoto wa dhahabu. Umenivisha nguo na kunivua mbele ya watu, kijana."

"Nisamehe, Papa."

"Hilo tutaliona. Sasa ni kazi." Akachukua muhuri wake, akautia mfukoni. "Siandiki ambacho sijakiona. Twende kwenu."

Hiyo ndiyo desturi yake. Karatasi ya ufukara haitoi ofisini kwa maneno. Anakwenda mpaka nyumbani na mashahidi wawili, majirani wa avenue hiyo, anaangalia sufuria, anaangalia kitanda, anauliza wenye nyumba. Watu wanasema ni haki, kwa sababu kuna matajiri wanaojifanya fukara. Mimi siku ile niliona kwamba njia ya kutoka ofisini mpaka kwetu haijawahi kuwa ndefu hivyo. Wanawake waliokaa mbele ya nyumba walitusalimia mmoja mmoja, na kila mmoja alijua tunakwenda kuangalia nini.

Mama alikuwa uani, ameketi chini, anapepeta mpunga wa watu. Ndiyo kazi yake: anapepeta, anapewa chenga za mchele. Mzee Zakaria alisimama, akamtazama muda.

"Mama huyu nimekwisha muona."

Hapa kuna jambo nimelipita juu, na ningependa kuendelea kulipita. Wiki moja baada ya Idi ile, nilikuwa natoka msikitini na Mzee Zakaria, viatu vya Evariste miguuni, nazungumza kama mtu mkubwa. Mama akaja mbele yetu na karai la pumba kichwani, kanga yake nyeupe kwa vumbi. Akaniona, akatabasamu. Mzee akaniuliza, "Unamjua?" Nikasema, "Ni jirani." Nikampita. Nilipita karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Jioni aliniwekea chakula, bugali na sombe, kama siku zote, na hakuuliza kitu.

Sasa, kabla sijafungua mdomo, mama aliweka ungo chini.

"Ndiyo, Papa Chef. Miye ni jirani. Namsaidia tu Faradji hapa. Mwenye nyumba ametoka."

Alisema vizuri, bila kutetemeka. Halafu akanitupia jicho dogo, la kuniambia nisiogope, kwamba uongo wangu aliutunza.

Nimepigwa maishani mwangu. Nimefukuzwa darasani mbele ya wote. Hakuna kilichowahi kunifanya mdogo kama jicho lile.

"Ni mama yangu," nilisema.

"Sema nisikie," akasema Mzee Zakaria.

"Huyu ndiye Mwamvita, mama yangu mzazi. Siku ile barabarani nilimkana. Alisikia. Hata leo anataka kunificha."

Mashahidi wakatazama miguu yao. Mama akaokota ungo, akauweka tena. Mzee Zakaria akatafuta pa kukaa, akapata kinu kilichogeuzwa, akakikalia.

"Kusema baba yako tajiri ni uongo wa vijana," alisema. "Hata miye wakati wa kuoa nilisema duka la kaka yangu ni langu. Lakini mama..."

Mama akajifuta vumbi mikononi.

"Papa Chef, lile neno walilosema redioni, endija... maana yake ni nini?"

"Mtu asiye na kitu, Mama."

"Aa. Miye nilidhani ni ugonjwa." Akanigeukia. "Kwa hiyo ndilo ulilokuwa unaficha, mwanangu? Si kila mutu wa avenue hii anaona?"

Shahidi mmoja alishindwa kujizuia, akacheka. Mama naye akacheka. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikaegemea ukuta mpaka nilipoweza kurudi.

Mzee Zakaria aliandika juu ya goti, akasaini, akapiga muhuri. Aliponipa karatasi hakuiachia mara moja.

"Hii nakupa kwa sababu ni haki yako. Binti yangu si karatasi. Yeye utamuuliza mwenyewe."

Ijumaa saa nne Madame Clémentine alikuwa ametuma dosye. Ijumaa hiyo hiyo nilikwenda kwa akina Safia, mama yake akanijibu akiwa mlangoni: Safia amepanda pikipiki alfajiri, amekwenda Kabambare kwa shangazi yake Soraya, mwenye duka. Hakusema anarudi lini. Nilimwandikia. Nilimpigia. Wiki saba hakujibu hata neno.

Ujumbe uliokuja ulikuwa wa Madame:

"Umekubaliwa. Masomo, chumba, chakula. Nunua sabuni ya kufulia, usinitie aibu."

Mwezi wa kumi Evariste akanipakia. Njia ya Bukavu inapita Kabambare, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Tulianguka mara mbili, mara ya tatu tukaisukuma pikipiki. Tuliingia Kabambare alasiri, tope mpaka kofia. Duka la Shangazi Soraya lilikuwa na wateja, wachimbaji wawili wa Salamabila wakinunua betri. Safia alikuwa nyuma ya meza. Aliniona, akaendelea kupima chumvi.

"Huyu ndiye wa mashimo mawili?" akauliza Shangazi.

"Ndiye, Shangazi."

"Naona amekuja na mchanga wake."

Wachimbaji wakacheka. Sikukasirika. Zamani ningekasirika.

"Bourse umepata," Safia akasema, kama anavyosema na mteja.

"Nimepata."

"Hongera. Unataka nini hapa?"

"Nimekuja kukuaga. Na kukuambia nilikukosea."

"Baba alinieleza ya mama yako. Hakula jioni ile." Akafunga mfuko wa chumvi. "Unajua miye kinachoniuma? Si uongo uliompa baba. Ni kwamba mwaka mzima nakaa nakuandikia mpaka kidole kinaota sugu, na weye unaniona ni mutu atakayekucheka."

"Ndiyo. Nilikuona hivyo."

Alinyanyua uso. Nadhani alikuwa amejiandaa nijitetee.

"Ulikuwa umenionyesha kila siku kwamba si hivyo," nikasema. "Ila miye nilikuwa najicheka mwenyewe, nikadhani kicheko ni chako."

Shangazi Soraya akawarudishia wachimbaji chenji, lakini hawakuondoka.

"Na mama yako?" Safia akauliza. "Alikusindikiza?"

"Mpaka kwenye pikipiki. Aliomba nimtambulishe kwa vijana wote wa pale. Alisema, taja jina langu, nisikie unavyolitaja."

"Ukalitaja?"

"Mara tano. Walikuwa watano."

Kitu kilitikisika mdomoni mwake, akakizuia.

"Huko Bukavu utakaa na watoto wa wakubwa," alisema. "Wakikuuliza baba yako ana nini, utasema mashimo mangapi?"

"Wana karatasi yangu. Imeandikwa."

"Karatasi haina mdomo. Weye ndiye mwenye mdomo, na mdomo wako naujua. Utalala na njaa huko, halafu utaniandikia umekula kuku. Utashindwa somo, utaniambia liko rahisi. Miye siwezi kumsubiri mutu ambaye habari zake nazipata redioni."

"Lakini kusubiri ungeweza?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema, 'Siwezi kumsubiri mutu ambaye...'"

"Faradji, usinichambulie sarufi." Akatoka nyuma ya meza, akasimama mbele yangu, mikono kifuani. "Kama una neno, liseme sasa. Si kwa kunong'ona. Shangazi asikie, na hawa wa Salamabila wasikie, wakamwambie baba yako wakimpata."

Evariste, nje, akazima pikipiki. Nilijua anafanya hivyo ili asikie vizuri. Nikavua kofia yenye tope, nikasema kwa sauti iliyofika barabarani:

"Miye Faradji, mutoto wa Mwamvita anayepepeta mpunga wa watu pale Kasongo, nakuahidi Safia mbele ya hawa: siku nitakayolala na njaa Bukavu, mutu wa kwanza kujua utakuwa weye."