Kigingi cha Zambia

Kila alipotoka shule, Tabita alikuwa na kazi moja kabla ya kugusa kiporo: kumhamisha Zambia. Zambia alikuwa ng'ombe wao. Alipewa jina hilo kwa sababu tangu akiwa ndama hakuheshimu mpaka wa mtu yeyote pale kijijini Igamba; alivuka tu kama anayekwenda Zambia.

Zamani aliachiwa azurure mlimani. Alikula majani mpaka mizizi, mvua zikaja, zikachimba korongo nyuma ya mibuni. Ndipo Mama akagawa malisho vipande vipande. Zambia alifungwa kamba kwenye kigingi, akala kipande kimoja na kuacha samadi hapohapo. Kesho yake alihamia kingine, kile cha jana kikapumzika na kuchipua.

Baba hakusadiki sana. "Sawa, Mama Tabita, tujaribu," alisema. "Ila maziwa yakipungua tu, namwita yule mnunuzi wa ng'ombe kutoka Tunduma."

Tabita alimpenda Zambia. Tatizo ni kwamba alipenda na rede, ule mchezo wa kukwepa mpira. Kung'oa kigingi na kukigongomea upya kwa jiwe kwenye ardhi ngumu kulimchelewesha mchezoni. Basi akaanza kupitia uwanjani kwanza. Alirudi jua linazama, akamkuta Zambia palepale pa jana, akamrudisha zizini, na asubuhi kabla ya shule akamfunga tena kwenye kigingi kilekile. Kila jioni alizoa samadi kwa ndoo na kuimwaga kwenye kipande kipya.

"Mama huchungulia akiwa njiani tu," alimwambia mdogo wake, Lwitiko. "Akiona samadi, basi. Wewe weka alama za kwato."

"Kwani mimi nina kwato?"

"Piga magoti, utembelee ngumi."

Lwitiko akapiga magoti, akazunguka, akalia, "Mooo!"

"Nani kakuambia ulie?"

"Sasa Dada, ng'ombe gani anatembea kimya hivyo?"

Tabita alikuwa anahema na ndoo nyingine kichwani, samadi ikimchuruzikia shingoni. Hakuwahi kujiuliza kwa nini uvivu wake ulimtoa jasho kuliko kazi yenyewe.

Siku zikapita. Zambia akala duara lilelile mpaka likawa kipara. Mbavu zikaanza kuonekana, maziwa yakashuka. Jumamosi asubuhi Baba akatoa simu mfukoni.

"Nilisema mimi. Namwita mnunuzi."

"Ngoja kwanza tukaangalie malisho," alisema Mama.

Tabita aliwafuata nyuma. Kipande cha jana kilikuwa kimejaa samadi. Lakini majani yalifika magotini, hayajang'atwa hata ncha.

Mama alisimama, mikono kiunoni. "Baba Tabita, huyu ng'ombe siku hizi anajisaidia pasipo kula?"

Baba akainama. "Tena anatembea kwa magoti." Akaokota kitu kwenye samadi, akakipangusa. "Na kaptula yake imepungua kifungo. Huyu si wa kuuzwa, ni wa kupelekwa maonyesho ya Nanenane watu wamshangae!"

Lwitiko akashika kiuno cha kaptula yake isidondoke.

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Baba alicheka kidogo tu. "Hiyo ni michezo ya watoto, lakini maziwa yamepungua kweli," alisema, na kidole chake kikaanza kutafuta namba. "Mpango huu umeshindwa."

Tabita akamshika mkono. "Baba, usipige! Mpango haujashindwa. Ni mimi, sikumhamisha wiki nzima. Samadi hii niliibeba mwenyewe."

Baba alimtazama, akamtazama na Zambia aliyekuwa akilia zizini kwa njaa. Akarudisha simu mfukoni.

Adhabu haikuchelewa. Tabita alirudisha samadi yote kwenye kipara, akaifunika kwa mabua, na kila alasiri akahamisha kigingi kabla ya kwenda popote. Zambia akanenepa, ndoo ya maziwa ikajaa tena. Mvua zilipokuja, kipara kikaota majani mabichi, na Baba mwenyewe akaanza kuwaonyesha majirani vipande "vyake".

Siku moja Mama alimkuta Tabita akigongomea kigingi.

"Mwanangu," alisema, "mimi ungeweza kunidanganya mpaka Krismasi. Ng'ombe mwenye njaa na ardhi iliyochoka huwezi. Na kilichomwokoa Zambia si zile ndoo zako, ni kusema kweli. Ungesema siku ya kwanza kwamba kigingi kinakuchelewesha, tungesaidiana, nawe ungecheza rede yako wiki nzima, tena bila kunuka."