Kanda ya Asteria

Ijumaa, saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la Fakihi, jirani na stendi ya Mbinga. Maboksi ya simu mpaka darini. Feni imekufa. Watu wanne wanavuja jasho.

Fakihi alikaza komeo, akaketi juu ya kreti la soda, akagawa kazi. Lidia, mfagizi wa ofisi ya utamaduni, ataacha dirisha la choo bila kulifunga. Vitalis, fundi makufuli, ataingia na kufungua chumba cha vifaa. Urbani atangoja garini, injini inanguruma. Fakihi mwenyewe atakuwa msikitini, safu ya mbele, ili mji mzima umwone. Mzigo ni kanda zote za ngoma pamoja na diski ya serikali, ambamo inasemekana zimenakiliwa. Mnunuzi anasubiri Kitai, kwenye hoteli ya pale mabasi yanaposimama.

Kanda hizo zina kisa, na kisa chenyewe kinaudhi. Watu wa mradi wa ofisi hiyo ya utamaduni walipita na gari jeupe, kuanzia kijiji cha Mapera mpaka ufukweni mwa ziwa, wakikusanya kanda za zamani. Serikali imetoa vifaa, walisema. Ngoma zenu zinawekwa mtandaoni, mjukuu wako atazisikia popote alipo duniani. Watu wakatoa. Asteria, mama yake Vitalis, mwimbishaji wa kioda, ngoma ya wanawake wa ziwani, alitoa kanda yake ya pekee kwa mikono miwili. Basi. Tangu siku ile ukifungua ukurasa wao unakuta nembo na maneno: Maudhui yanakuja hivi karibuni. Hivi karibuni gani hiyo, jamani? Asteria kafa, kazikwa, kaburi limesakafiwa, na maudhui bado yanakuja.

Vitalis alikwenda ofisini mpaka mlinzi akazoea kikohozi chake. Mara mtaalamu yuko safarini. Mara bando la ofisi limekwisha. Mara tunasubiri mgeni rasmi wa uzinduzi. Hakuomba arudishiwe. Aliomba aisikie mara moja tu, kwa sababu hakuwa na video ya mama yake wala ujumbe wa sauti. Sauti yote ya Asteria iliyobaki duniani ilikuwa kwenye kanda ile. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Vitalis lilishaumia vya kutosha. Ndiyo maana alikuwa hapa, amekaa na majambazi.

"Kanda ya mama naondoka nayo," alisema.

"Utapata nakala, mdogo wangu. Nimeshakuambia."

"Nakala au kanda?"

"Usinizingue," Fakihi alisema. "Kazi kwanza."

Saa sita na nusu.

Adhana ilishaita. Waislamu wa ofisi wamekwenda msikitini, Wakristo wamekwenda kula. Mlinzi yuko kibandani na ugali wake. Lidia alikuwa anadeki korido huku akiimba wimbo wa kwaya, na makubaliano yalikuwa kwamba akinyamaza, kuna mtu.

Vitalis alipita dirishani. Kufuli lilikuwa la bei rahisi. Alilitikisa mara mbili likaachia.

Ndani alisimama kama aliyepigwa kofi. Kompyuta zilikuwa bado ndani ya nailoni. Mashine za kunakilia zilikuwa kwenye maboksi yake, gundi haijakatwa. Diski ilikuwa kwenye kasha lake, mhuri wa kiwandani haujaguswa. Hakuna wimbo hata mmoja uliowahi kuingizwa humo. Na kanda zenyewe, sauti za watu wazima na heshima zao, zilitupwa pembeni kwenye gunia la kahawa, na panya wameshatoboa kona moja. Hasira ilimpanda.

"Halafu wezi tuitwe sisi," alinong'ona.

Lidia alichungulia mlangoni, tambara mkononi. Akamwambia upesi upesi kwamba nakala haipo na haitakuwepo. Jana alimsikia Fakihi kwenye simu. Mnunuzi anazitaka kanda zenyewe, abaki nazo peke yake, aziweke mtandaoni kwa jina lake, na anayetaka kusikia ngoma ya bibi yake amlipe yeye.

"Mbona unaniambia sasa?"

"Bibi yangu wa Kingerikiti naye yumo humo guniani, kaka Vitalis."

Alirudi koridoni, akaanza kuimba tena. Ubeti wa pili haukufika mwisho. Lidia alinyamaza.

Viatu vya mlinzi vilisikika vikija. Vitalis aliiacha diski pale pale, akabeba gunia, akajitupa dirishani. Msumari ukamchana mkono toka kiwiko hadi kiganja. Hakusikia maumivu mpaka alipokuwa garini.

Saa nane mchana.

Kitai. Urbani, dereva aliyewahi kukimbiza mahindi ya magendo na hajawahi kukamatwa, alipunguza mwendo kutafuta hoteli.

"Kata kushoto," Vitalis alisema.

"Kushoto ni Lituhi. Mzigo ni wa hapa."

Vitalis alimwekea bisibisi ubavuni. Damu ya mkono wake ilidondoka kwenye suruali ya mwenzake.

"Utanichoma mimi, Vitalis?"

"Sijui. Usinijaribu."

Urbani alikata kushoto. Barabara ilijaa malori ya makaa ya mawe, kila moja na vumbi lake, na simu ikaita njia nzima. Mwisho Vitalis alipokea, akasema kanda zinarudi kwa wenyewe. Fakihi hakutukana. Alisema tu, "Haya," akakata. Hapo ndipo Vitalis alipoogopa, maana alimjua mtu wake. Fakihi hapigani na mtu. Fakihi hupiga simu, na sasa hivi raia mwema asiyetaja jina lake alikuwa anawapa polisi namba ya gari.

Mpango ukawa mfupi. Kijijini kwao, jirani na Lituhi, binamu yake ana boti ya injini. Wateremshe gunia, wavuke ziwa mpaka Malawi.

Saa kumi jioni.

Mama mdogo Benadetha alikuwa anaanika usipa, dagaa wa ziwani, mchangani, yeye na wenzake wa kioda. Vitalis alimwamkia, akapokea marahaba, akaweka gunia miguuni pake. Boti ilikuwa tayari, injini inakohoa. Wakati ulikuwepo wa kuondoka. Lakini gari la Urbani lilikuwa la zamani, lenye redio ya kaseti, na Vitalis alikuwa ameisubiri sauti ile kupita uwezo wa binadamu kusubiri. Wimbo mmoja tu, alijiambia.

Akasukuma kanda ndani. Mkwaruzo kwanza. Kisha Asteria akaita.

Usipa wakamwagika. Benadetha aliitikia kabla hajajua kwamba anaitikia, wenzake wakafuata, mtu akaleta ngoma, wasichana wa sekondari wakainua simu zao. Vitalis alilia wazi wazi, hakujificha.

Urbani alipiga mluzi. Vumbi lilikuwa linashuka mlimani.

"Twende!"

Sasa, kijiji kile kina mwiko. Kioda ikishaitwa, hakuna anayetoka uwanjani mpaka aliyeiita aifunge. Ukimwacha mwimbishaji katikati ya wimbo umemzika akiwa hai. Vitalis aliitazama boti. Alimtazama mama yake mdogo, ambaye hakumwambia baki wala nenda. Ngoma nyingine yoyote angeikimbia. Hii ilikuwa imeitwa na mama yake, na alikuwa bado hajaifunga.

Alibaki. Urbani alirukia boti, ikaondoka.

Polisi walimkuta anapiga makofi. Askari kijana alitaka kuzima redio, akabonyeza huku na huku, kisha akaivuta kanda kwa nguvu. Redio ikaitafuna. Utepe ulitoka mrefu, umekunjamana, ukakatika, na Asteria akanyamaza kabla ya kufunga wimbo.

Jumamosi asubuhi.

Mahabusu. Mashitaka yalikuwa mawili: wizi, na kuharibu mali ya serikali. Gunia lilikuwa limerudishwa kwenye chumba cha vifaa, chini ya kufuli jipya.

Askari wa zamu, mtu mzima, alikuja kwenye nondo na simu yake, anacheka. Alisema ukurasa wa mradi hatimaye umepata kitu, nchi nzima inatazama. Vitalis alisogea. Ilikuwa video ya wale wasichana: wanawake wa kwao, mchanga, usipa, na mgongo wake mwenyewe. Kona ya juu imewekwa nembo. Chini wameandika: Mafanikio ya mradi wetu.

Kisha ikasikika sauti. Asteria aliita mara moja, picha ikaganda, duara likaanza kuzunguka.

"Afande," Vitalis alisema, ameshika nondo kwa mkono wenye bandeji. "Iache ifike pale ilipokatika. Hiyo tu imebaki."

Askari aliitikisa simu, akaitazama, akaitia mfukoni.

"Bando limekwisha," alisema. "Subiri."