Tia Mkono, Luteni

"Shangazi amefariki," sauti ilisema kwenye simu.

"Anazikwa wapi?"

"Hekaluni. Panda treni ya asubuhi. Na Isobe... kuna panya ndani ya nyumba yetu. Usimwamini mtu."

Simu ikakatwa.

Isobe Kenkichi alitazama nje kupitia kioo cha kibanda cha simu. Jeep ya polisi wa jeshi la Marekani ilikuwa imeegeshwa ng'ambo ya barabara. Jana haikuwapo.

Shangazi ilikuwa filamu. Vijana wa kampuni moja ya sinema waliipiga Hiroshima miezi michache baada ya bomu. Humo mlikuwa na shule zilizogeuzwa wodi, na watu wasio na hata mchubuko waliokuwa wakinyonyoka nywele na kufa. Wamarekani waliokuwa wakiitawala nchi walichukua kila kipande. Magazeti yakaambiwa yaandike kwamba bomu liliua siku ile tu, basi, wala halikuacha sumu yoyote.

Nakala moja ilibaki. Moja tu.

Isobe alikuwa jasusi wa jeshi la majini mpaka jeshi lenyewe lilipovunjwa. Kazi ya kuitoa filamu Tokyo alipewa yeye, na hakuikubali kwa mapenzi ya nchi. Nchi ilikuwa imeshamchosha. Ndani ya filamu ile, kwa muda wa kuvuta pumzi mara chache, alionekana mwanamke ameketi kwenye mkeka, ameigeukia kamera. Yasue, mkewe. Alikufa wiki ileile. Picha zake zote ziliungua pamoja na nyumba.

Ikipotea filamu, Yasue anapotea mara ya pili.

Alivaa suti nyeusi, akajifunga shingoni kisanduku kilichoviringishwa kitambaa cheupe, kikamkaa kifuani. Hivyo ndivyo wafu walivyorudishwa kwao mwaka ule, na kila treni ilikuwa nao. Ndani ya kisanduku mlikuwa na chungu cha kaure. Filamu ilibanwa chini, karatasi ya nta juu yake, kisha majivu.

Bastola yake ya Nambu ilikuwa kiunoni.

Behewa lilikuwa limeshonana watu, lakini walipokiona kisanduku waliinama, wakapisha. Mzee mmoja mwenye mkono mmoja, bado kavaa kofia ya jeshi, alisogea ampe nafasi ya kukaa. Isobe akaketi, akaanza kuwachambua mmoja mmoja.

Mwenye gazeti hajageuza ukurasa tangu stesheni ya Shinagawa.

Kondakta ana viatu vipya. Nani alikuwa na viatu vipya Japani wakati ule?

Mbele yake aliketi mwanamke wa makamo, naye ana kisanduku cheupe. Kwake kilikuwa mapajani, akakilalia kwa kiwiko huku akimenya kiazi kitamu.

"Pole, kaka," alisema. "Wako alifia wapi?"

"Mbali."

"Wangu Burma. Mume." Alitafuna kidogo. "Kitambaa kinakukata shingo. Mzito, marehemu wako."

Mifupa iliyochomwa haina uzito, na kila aliyewahi kuibeba anajua.

"Alikuwa mtu wa mwili," alisema.

"Hata kama. Moto hauachi mwili." Mwanamke akatabasamu. "Labda ni huzuni, eh? Huzuni nayo ina kilo zake."

Yule mama alikuwa anajua, au alikuwa mbea tu. Kwenye kazi yake, wambea walikuwa wachache sana.

Treni ilisimama Odawara. Mwanamke akainuka. "Natafuta maji," alisema, akajipenyeza hadi mlangoni, akashuka.

Kisanduku chake kilibaki sakafuni, kando ya maganda ya kiazi.

Isobe alikitazama. Mjane hamwachi mumewe sakafuni. Angekwenda naye hata chooni.

Akachungulia dirishani. Kwenye jukwaa la stesheni mwanamke alikuwa akizungumza na luteni wa Kimarekani na askari wawili wenye helmeti nyeupe. Kidole chake kilikuwa kimenyooshwa kwenye behewa.

Kukimbia? Mlango wa pili uko nyuma, na kila dirisha limejaa vichwa. Akikimbia, atakuwa amewajibu swali lao.

Akamwinamia mzee. "Mzee wangu, yule mama amemwacha mumewe chini."

"Chini wapi?"

"Pale."

Mzee alitoa macho. "Sakafuni? Kama gunia la mkaa? Hawa wanawake wa siku hizi wana wazimu!" Akainama, akakinyanyua kisanduku kwa mkono wake mmoja, akakibana kifuani.

Kisanduku kikakoroma. Kisha kikatoa sauti ya kiume, kwa Kiingereza, ikimwita mtu kwa jina la siri.

"Koja Sita, umeshampata? Nijibu, Koja Sita."

Behewa zima liligeuka.

Mzee akafungua fundo kwa meno. Ndani mlikuwa na redio ndogo ya kijeshi, kamera ya kuenea kiganjani, na pakiti mbili za sigara za Lucky Strike. Mifupa hakuna.

"Mwanangu alirudi kwenye sanduku kama hili," mzee alisema taratibu. "Kama hili hili."

Mlango ukafunguliwa. Luteni aliingia akitafuna chingamu, mkono juu ya bastola yake ya Colt, askari wake nyuma, na polisi mmoja wa Kijapani wa kutafsiri. Mwanamke alikuja mwisho. Alipoiona redio yake mkononi mwa mzee alisimama ghafla.

"Marehemu wako anaongea Kiingereza safi, mama," mzee alimwambia. "Hongera! Alisomea kaburini?"

Watu hawakucheka. Walisimama, mmoja baada ya mwingine, hata mwenye gazeti. Polisi wa Kijapani alitazama viatu vyake kwa aibu.

Mwanamke alimgeukia Luteni, akasema harakaharaka kwa Kiingereza, "Ni huyu! Onuki wa maabara ya filamu aliapa kwamba itasafiri na treni hii!"

Isobe alibaki kama mtu asiyeelewa neno. Jeshi la majini lilimfundisha Kiingereza kwa miaka mitatu.

Onuki. Kumbe panya ni Onuki, mwenzao.

"Fungua," Luteni aliamuru.

Isobe alilegeza fundo, akatoa chungu, akaondoa kifuniko. Majivu ya kijivu, na vipande vyeupe vya mfupa. Aliyachota mahali walipochomwa wafu wa wodi ya Yasue. Pengine ni Yasue kidogo, pengine ni mgonjwa mwenzake, pengine ni kuni tu. Hakujua, na kutojua kulimuuma kila siku.

"Chini!" mwanamke alihimiza. "Angalia chini ya majivu!"

Luteni alivua glavu. Vidole vyake vikashuka kuelekea mdomo wa chungu.

"Muulize alifia wapi," alisema, labda kwa heshima tu.

Polisi akauliza.

"Hiroshima," alisema Isobe.

Neno lile halikuhitaji mtafsiri. Vidole vikaganda hewani. Chingamu ikaacha kutafunwa.

"Magazeti yenu yanasema hakuna sumu," Isobe aliendelea kwa upole. "Yameandika kila wiki. Tia mkono, Luteni."

Polisi alitafsiri yote, polepole, bila kuruka hata neno. Ilionekana anafurahia.

Luteni alifuta kiganja kwenye suruali, mara mbili, ingawa hakuwa amegusa kitu.

"Basi tia wewe, dada," Isobe alimwambia mwanamke.

Mwanamke alirudi nyuma mpaka akamkanyaga askari.

"Funga," alisema Luteni kwa sauti iliyokauka. "Funga, ondoa hicho kitu mbele yangu."

Walishuka wote, na mwanamke wao. Mzee alimtupia redio yake kupitia dirisha.

Kwenye stesheni ya Shizuoka, Isobe alipiga simu.

"Shangazi yuko salama. Panya ni Onuki."

"Una hakika?"

"Nimesikia jina lake kwa masikio yangu."

"Basi niachie mimi."

Hekalu lilikuwa juu ya kilima. Ndani ya ghala la mifupa, rafu zilijaa visanduku vyeupe kutoka sakafuni hadi darini. Mtawa aliyekuwa akimsubiri alikipokea cha Isobe kwa mikono miwili, akakipangia mahali katikati ya vingine, akachovya brashi kwenye wino.

"Lazima kiwe na jina kama vingine. Niandike la uongo gani?"

"Andika Isobe Yasue. Si la uongo."

Brashi ilisita. Mtawa alimtazama usoni, kisha akaandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Akawasha ubani, akamsomea Yasue sala ya maziko, mwanzo hadi mwisho. Isobe alisimama wima, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.

"Utarudi lini kumchukua?" mtawa aliuliza.

"Wakishaondoka wao."

"Wanaweza kukaa miaka mingi."

"Nitangoja," alisema Isobe. Akavaa kofia yake, akashuka ngazi kuelekea stesheni, shingo yake nyepesi.