Uji wa Bibi Germana

Kila asubuhi kabla ya shule, Lukresia alichota maji, akafagia uwanja, kisha akapokea kopo la uji kutoka kwa mama yake. Ilikuwa Kwaresima ya mwaka 1984, mwaka wa njaa huko Karatu. Mama alijinyima mlo wake wa asubuhi ili uji huo upelekwe kwa Bibi Germana, mjane mgonjwa wa kifua aliyeishi ng'ambo ya korongo.

Jumatatu moja njaa ilimzidi Lukresia njiani. Aliketi juu ya jiwe, akanywa nusu, halafu akamaliza. Akaenda shule moja kwa moja.

"Bibi amekunywa?" mama aliuliza jioni.

"Ndiyo, mama. Amekushukuru."

Jumanne alifanya vivyo hivyo, na Jumatano pia.

Alhamisi mama alikwenda mwenyewe kumjulia hali mgonjwa. Aliporudi, alimimina uji kwenye bakuli, akamwekea Lukresia.

"Bibi Germana anasema una njaa. Ameniomba nikuongezee."

Lukresia alisukuma bakuli kando. Bibi alikuwa ametambua yote, wala hakumshtaki. Lukresia alikusudia kwenda kumwomba radhi Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba. Lakini Ijumaa asubuhi jirani alileta habari kwamba Bibi Germana amefariki.

Alizikwa Jumamosi. Udongo mkavu ulipokuwa ukianguka juu ya jeneza, Lukresia alimshika mama yake mkono, akamweleza kila kitu. Watu walipotawanyika, mama alimvuta kando.

"Hakufa kwa sababu yako," alisema. "Kifua kilimtesa miaka miwili. Lakini siku tatu alikungoja bila kitu tumboni, na siku hizo huwezi kumrudishia."

"Nifanye nini, mama?"

"Utaungama kwa padri. Na kesho utampelekea uji Mzee Hhando, yule kipofu wa nyuma ya kanisa. Utakaa naye mpaka amalize."

Lukresia alikwenda. Mzee alikunywa polepole, akapumzika, akauliza, "Wewe umekula?"

"Kidogo tu, babu," alijibu, na huo ulikuwa ukweli.

Aliporudi alilia sana. Mama alimketisha kando yake.

"Ukiwa na njaa, sema, tutagawana kilichopo. Sisi ni mavumbi, mwanangu, hatujui nani atakuwepo kesho. Wa kupewa, mpe leo. Wa kuombwa radhi, mwombe leo."