Namba ya Kisima cha Mzee Malale

Kila Jumatano baada ya vipindi, wanafunzi wa klabu ya sayansi katika shule moja ya msingi huko Ilembo, pembeni mwa mji wa Mpanda, hukusanyika kwenye chumba cha kompyuta. Kompyuta zenyewe ni mbili, na moja huzimika inapojisikia. Scolastica wa darasa la saba alikipenda chumba kile kuliko mahali pengine popote shuleni, hasa akiachiwa achezee rangi.

Muhula ule Mwalimu Aristide aliwapa kazi ya kweli. Shule ilitaka kuchimba vyoo vipya, na ilibidi ijulikane maji ya chini ya ardhi yanaelekea wapi, uchafu usije ukaingia kwenye visima vya watu. Aliwaeleza kwamba maji hayo hutembea polepole, kutoka usawa wa juu kwenda usawa wa chini. Ukipima usawa katika visima viwili, ukatoa, kisha ukagawanya kwa umbali kati yake, unapata mteremko. Rangi za kompyuta nazo huchanganywa vivyo hivyo. Ukiweka bluu iliyokoza huku na bluu iliyopauka kule, kompyuta hugawa tofauti ya namba zake kidogo kidogo mpaka zikutane. Ramani yao ingekuwa na bluu nzito pale maji yalipo juu, na bluu nyepesi pale yalipo chini.

Visima vilikuwa vitatu kwenye mstari mmoja: cha shule, cha Mzee Malale katikati, na cha zamani kule bondeni, ambacho watu walichotea maji ya kufyatulia matofali tu. Zefania, mwenzake Scolastica klabuni, alipewa kushusha kamba ya kupimia kwenye kisima cha shule na cha bondeni. Scolastica alipewa cha Mzee Malale.

Mzee Malale alihamia Katavi na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, na kwake kuna utaratibu. Ng'ombe wakianza kunywa, hakuna anayeingiza kitu kisimani mpaka ndama wa mwisho ashibe na maji yatulie. Scolastica alifika mashine ya kuvuta maji ndiyo kwanza imewashwa, na kundi limejipanga mpaka barabarani. Mama Lyamba, mke wa mzee, alimpa kigoda na kikombe cha maziwa, akamwomba asubiri. Scolastica akanywa maziwa, akakumbuka kompyuta inayomsubiri, akaaga kwamba angerudi. Hakurudi.

Zefania alileta namba zake: usawa wa maji, ukihesabiwa kutoka alama moja ya chini iliyochaguliwa na klabu, kisima cha shule mita kumi na nane, cha bondeni kumi na nne. Kati ya visima hivyo kulikuwa na mita mia mbili, na Mzee Malale yuko katikati kabisa. Scolastica akawaza, kama kompyuta inajaza rangi ya katikati yenyewe, kwa nini na yeye asijaze? Akaandika kumi na sita. Rangi zikashuka laini mpaka bondeni, ramani ikapendeza mno.

Mwalimu Mkuu, Madamu Imakulata, aliibandika ofisini, na siku ya paredi wenzake wakampigia Scolastica makofi. Alitabasamu, lakini uso ulimwaka. Kwa mujibu wa ramani ile, maji yalitoka kwa Mzee Malale kwenda bondeni, kwa hiyo vyoo vingechimbwa karibu na kisima cha mzee, upande wa kuelekea bondeni.

Wachimbaji walipoanza, Mama Lyamba aliwaletea maji ya kunywa kutoka kisimani kwake. Mtoto wake Lyamba, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alikuwa ameshika kanga ya mama yake huku akinywa kikombe cha maji hayo hayo. Scolastica aliwaona akiwa dirishani, na tangu hapo hakusikia tena neno la mwalimu. Zefania naye akamwongezea wasiwasi bila kujua, kwa kushangaa jinsi kisima kinachonywesha ng'ombe wote wale kilivyobaki na maji juu kiasi kile. Mapumziko yalipofika, aliuacha uji wake mezani. Alijiona mwizi.

Akaenda kwa Mwalimu Aristide, akasimama mbele ya meza yake.

"Mwalimu, ile namba ya kwa Mzee Malale sikuipima. Niliitunga."

Mwalimu aliinuka kitini. "Unajua pale wanachimba nini?"

"Najua, mwalimu. Ndiyo maana nimekuja."

Mwalimu alitoka mbio kuwasimamisha wachimbaji. Jioni ile Scolastica alisubiri mpaka ndama wa mwisho, kisha akashusha kamba mwenyewe, watu wote wakimtazama. Usawa ulikuwa mita kumi na tatu, chini hata ya ule wa kisima cha bondeni. Mashine ilivuta maji mengi kwa ajili ya ng'ombe, na maji ya ardhini yakawa yanarudi kisimani kutoka pande zote. Zefania alipiga hesabu: mteremko wa mita moja kwa mita mia, kutoka bondeni kuja kwa Mzee Malale, ukipita hapo hapo penye shimo la choo.

Shimo lilifukiwa. Vyoo vilihamishiwa upande wa pili wa uwanja wa mpira, baada ya klabu kupima huko pia. Lakini kabla ya hapo, Mwalimu Aristide alimtaka Scolastica amweleze Mzee Malale kwa mdomo wake mwenyewe. Alipiga magoti akaeleza yote huku akilia. Mzee alimtazama Lyamba aliyekuwa akichezea udongo.

"Ungesema tu hujapima, mwanangu," alisema. "Nafasi tupu kwenye karatasi yenu tungeijaza kesho yake. Uongo wako tungeunywa."